Amir Jamal: Shahada ya biashara na hesabu ya viwanda vya korosho

MKULIMA wa korosho wa Masasi au Newala huanza kuona fedha za msimu kuanzia Oktoba, minada inapofunguliwa. Ni wakati huohuo ambapo vyuo vikuu hufungua milango, na mtoto aliyefaulu kidato cha sita huhitaji ada, nauli ya kwenda Dar es Salaam, Morogoro au Dodoma, na fedha ya kujikimu. Magunia kadhaa ya korosho huishia hapo. Ndiyo maana uchaguzi wa shahada katika nyumba ya mkulima ni uamuzi wa uwekezaji, na unastahili kufikiriwa kama vile mtu anavyofikiria kununua shamba.

Miongoni mwa kazi zinazowavutia vijana ni ile ya benki za uwekezaji. Benki ya namna hii haina dirisha la kuweka akiba. Kazi yake ni kutafuta mtaji mkubwa kwa ajili ya kampuni, halmashauri au Serikali. Huandaa uuzaji wa hisa kwa umma, huuza hatifungani, huunganisha mabenki kadhaa ili yakopeshe mradi mmoja, na hukadiria thamani ya kampuni inayotaka kuuzwa au kununuliwa. Mshahara wake ni mzuri na nafasi zake ni chache.

Kwa miaka mingi baada ya uhuru kazi hiyo haikuwa mikononi mwa watu binafsi nchini Tanzania. Serikali ndiyo iliyotafuta mitaji, ikamiliki mabenki na ikaamua kiwanda kipi kijengwe wapi. Aliyekaa kwenye kiti cha Waziri wa Fedha kwa muda mrefu katika kipindi hicho, takriban miaka 13 ukijumlisha vipindi vyake vitatu, alikuwa Amir Habib Jamal. Maisha yake yanaonyesha shahada ya biashara inaweza kumfikisha mtu wapi. Yanaonyesha pia, kwa mfano ulio karibu kabisa na wakulima wa Uwanda wa Makonde, mahali ambapo hesabu za vitabuni huishia.

Mtoto wa Mwanza, mwanafunzi wa Calcutta

Jamal alizaliwa Mwanza Januari 26, 1922, katika familia ya wafanyabiashara wenye asili ya Gujarat, India. Alisoma Mwanza na Dar es Salaam. Mwanza ya wakati huo iliishi kwa pamba, na mtoto wa mfanyabiashara aliona mapema kwamba duka la mjini hujaa au hukauka kutegemea bei anayopata mkulima wa kijijini.

Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Makerere, Uganda, ilikuwa bado haijaanza kutoa shahada za chuo kikuu. Kijana aliyetaka shahada alilazimika kuvuka bahari, na Jamal alikwenda Chuo Kikuu cha Calcutta, ambako alichukua shahada ya biashara akijikita katika uchumi.

Uchaguzi huo ulikuwa na maana. Familia nyingi za wafanyabiashara zilitosheka na mtoto kujua kuandika daftari la mapato na matumizi. Shahada ya biashara ilikwenda mbali zaidi. Ilifundisha namna ya kusoma mizania ya kampuni, kazi ya benki, sheria za biashara, fedha za kigeni na jinsi Serikali inavyokusanya na kutumia kodi. Aidha, Jamal alisoma India katika miaka ya 1940, wakati nchi hiyo ikidai uhuru wake kutoka Uingereza. Darasani alijifunza hesabu za fedha, na nje ya darasa aliona watu wakihoji fedha hizo ni za nani.

Aliporejea Tanganyika alifanya kazi katika biashara ya familia. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 alikutana na Julius Nyerere, ambaye alikuwa amerudi kutoka masomoni Edinburgh mwaka 1952. Urafiki wao ulidumu maisha yote.

Kutoka biashara hadi Hazina

Katika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, ulioanza mwaka 1958, kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Jamal aliingia barazani kwa kuungwa mkono na TANU. Mwaka 1959 aliteuliwa kuwa waziri. Baada ya uhuru, TANU ilipofungua uanachama kwa watu wa rangi zote, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kujiunga. Baadaye alikuwa mbunge wa Morogoro, jimbo ambalo wapiga kura wake wengi walikuwa wakulima Waafrika.

Mwaka 1965 alipewa Wizara ya Fedha, akichukua nafasi ya Paul Bomani, mwanaushirika wa pamba kutoka Kanda ya Ziwa. Kazi kubwa ya kwanza ilikuwa fedha yenyewe. Hadi wakati huo Tanganyika, Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Bodi hiyo ilitoa sarafu kulingana na akiba ya paundi za Uingereza iliyokuwa nayo. Haikuwa na kazi ya kukopesha Serikali wala kusimamia mabenki kwa namna benki kuu inavyofanya.

Sheria ya kuanzisha Benki Kuu ya Tanzania ilipitishwa mwaka 1965, na benki hiyo ilifunguliwa Juni 1966 chini ya gavana wake wa kwanza, Edwin Mtei. Tanzania ikawa na shilingi yake. Kwa mkulima wa Newala noti ilibadilika sura tu, lakini kwa Hazina mabadiliko yalikuwa makubwa. Kuanzia hapo thamani ya shilingi ilitegemea kile ambacho nchi yenyewe inauza nje: pamba, kahawa, katani, na kwa mikoa ya kusini, korosho.

Siku mabenki yalipotaifishwa

Februari 6, 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, mabenki ya kigeni yalitaifishwa. Miongoni mwao yalikuwamo Barclays, Standard na National and Grindlays. Biashara yao ikaunganishwa katika Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, ikiongozwa na Amon Nsekela.

Uamuzi ulikuwa wa kisiasa, lakini siku iliyofuata ulihitaji mafundi. Mameneja wengi wa kigeni waliondoka. Watanzania waliojua kuendesha barua za dhamana za biashara ya nje, kununua na kuuza fedha za kigeni, na kupima kama mkopaji ataweza kulipa, walikuwa wachache mno. Aidha, Serikali ilikuwa imeahidi kulipa fidia ya haki, hivyo thamani ya kila benki ilibidi ikadiriwe. Nini ni mali, nini ni deni, na nini kilikuwa kimeshahamishiwa London kabla ya siku hiyo?

Hiyo ni kazi ambayo benki ya uwekezaji hulipwa fedha nyingi kuifanya. Tanzania iliifanya kupitia Hazina, na waziri aliyekuwa na jukumu hilo alikuwa mtu aliyefundishwa kusoma mizania.

Lipo jambo lingine ambalo vijana wa leo huenda wakalishangaa. Masharti ya uongozi yaliyokuja na Azimio la Arusha yalimkataza kiongozi kumiliki hisa katika kampuni yoyote, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Waziri aliyesimamia hisa za taifa katika mabenki na viwanda hakuruhusiwa kuwa na hisa hata moja ya kwake. Katika kazi za fedha kanuni hiyo bado ina maana, japokuwa kwa sura nyingine. Anayeshika siri za kampuni inayouzwa hapaswi kununua hisa zake kwa kutumia siri hizo.

Uhaba wa wataalamu ulisababisha kuanzishwa kwa vyuo. Mwaka 1972 kilianzishwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, jijini Dar es Salaam. Mwaka huohuo ikaundwa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikapata Kitivo cha Biashara na Menejimenti, kilichotoa nchini shahada ya aina ambayo Jamal aliifuata ng'ambo.

Benki ya Uwekezaji yazaliwa

NBC ilikuwa benki ya biashara. Ilichukua amana za watu, ambazo mwenye nazo anaweza kuzidai wakati wowote, hivyo haikufaa kuzifunga kwa miaka 15 ndani ya kiwanda kimoja. Kwa sababu hiyo Benki ya Uwekezaji Tanzania, TIB, ilianzishwa mwaka 1970 ili kutoa mikopo ya muda wa kati na mrefu kwa viwanda. Mwaka 1971 ikafuata Benki ya Maendeleo Vijijini kwa ajili ya kilimo, ambayo baada ya mabadiliko kadhaa ndiyo iliyozaa CRDB. Zote mbili zilianza Jamal akiwa Waziri wa Fedha.

Kazi ya ofisa wa benki ya uwekezaji ilikuwa kuchambua mradi kabla ya fedha kutoka. Mfanyabiashara mdogo anaweza kuielewa kwa mfano wa mashine ya kusaga nafaka. Kabla ya kukopa ili kuinunua, anapaswa kujua inasaga magunia mangapi kwa siku, wateja wa kijiji wataleta mangapi, dizeli itagharimu kiasi gani, bei ya kusaga ni ipi, na marejesho ya kila mwezi ni kiasi gani. Mashine yenye uwezo wa magunia 50 haina faida kijijini kwenye magunia 8, hata kama ni mpya na riba ni ndogo.

Hesabu ni ileile kwa kiwanda cha mabilioni, na ndiyo iliyokwenda vibaya Masasi na Newala.

Hesabu ya viwanda vya Masasi na Newala

Katika miaka ya 1960 karibu korosho yote ya Tanzania ilisafirishwa ikiwa ghafi kwenda India kubanguliwa. Tani 4 hadi 5 za korosho ghafi hutoa tani 1 hivi ya korosho iliyobanguliwa, ambayo bei yake ni kubwa mara nyingi zaidi. Nchi ilikuwa ikipeleka ajira na faida ng'ambo pamoja na maganda. Wazo la kujenga viwanda vya kubangua nchini lilikuwa na mantiki, na hadi leo linazungumzwa kila msimu.

Mavuno nayo yalitia moyo. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho ghafi, sehemu kubwa ikitoka kusini. Jamal wakati huo alikuwa Waziri wa Biashara na Viwanda, wadhifa aliokuwa nao kuanzia mwaka 1972 hadi 1975, kabla ya kurudi Fedha kwa kipindi cha pili hadi 1977. Kwa msaada wa mikopo ya Benki ya Dunia na mashine kutoka Italia na Japani, nchi ilijenga viwanda hadi kufikia 12. Masasi na Newala ilikuwa miongoni mwa miji iliyopata. Kwa pamoja viwanda hivyo viliweza kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka.

Kwenye karatasi hesabu ilikubali. Mavuno yalikuwa tani 140,000, uwezo wa viwanda tani 100,000 na zaidi, na soko la dunia lilikuwapo. Kilichokosekana kwenye karatasi ni mkulima.

Wakati mipango ya viwanda ikiendelea, watu walikuwa wakihamishiwa katika vijiji vya pamoja. Kuanzia mwaka 1973 wakulima wengi wa kusini walijikuta wanaishi mbali na mikorosho yao. Mkorosho usiopaliliwa hufunikwa na kichaka, na moto wa kichaka ukija huondoka nao. Bei aliyolipwa mkulima nayo ilikuwa sehemu inayozidi kupungua ya bei ya soko la dunia, kwani Mamlaka ya Korosho na ngazi nyingine zilikata gharama zao kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaongezeka ugonjwa wa ubwiriunga, unaoshambulia maua na majani machanga. Vita vya msituni nchini Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, navyo vilivuruga maisha ya mpakani.

Kila moja ya sababu hizo ilionekana shambani miaka kadhaa kabla ya kuonekana Hazina. Mkulima wa Newala aliyekuwa akitembea saa 2 kwenda kwenye mikorosho yake, na kulipwa bei isiyotosha kununua shuka, alijua kwamba msimu ujao hatapalilia. Wachambuzi wa miradi walitazama takwimu za mavuno ya zamani na kuchora mstari unaopanda.

Mavuno yalianguka mwaka hadi mwaka. Msimu wa 1986/87 nchi nzima ilipata chini ya tani 20,000. Hata kama kila korosho ingepelekwa kiwandani, viwanda vyote 12 vingetumia chini ya sehemu moja ya tano ya uwezo wao. Baadhi havikuwahi kufikia uwezo wao kamili hata siku moja.

Kurudi Hazina mwaka 1979

Si haki kumtwisha Jamal peke yake lawama za viwanda hivyo. Maamuzi yalipitia wizara kadhaa, mawaziri kadhaa na wataalamu wa Benki ya Dunia yenyewe. Hata hivyo, alikuwa ndani ya Serikali kwa miaka yote hiyo, na alirudi Hazina wakati wa kulipa ulipofika.

Mwishoni mwa mwaka 1979 Edwin Mtei, aliyekuwa Waziri wa Fedha tangu 1977, alijiuzulu baada ya kutofautiana na Rais Nyerere kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Jamal akaitwa tena kutoka Wizara ya Mawasiliano na Uchukuzi. Alikuta Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika tangu 1977, vita dhidi ya Idi Amin imemeza akiba ya fedha za kigeni, na bei ya mafuta imepanda. Korosho, moja ya mazao yaliyotegemewa kuleta dola, ilikuwa ikiporomoka.

Mwaka 1980 alikuwa mwenyekiti wa mkutano wa mwaka wa magavana wa IMF na Benki ya Dunia mjini Washington. Msomi wa biashara kutoka Mwanza aliongoza kikao cha wakuu wa fedha wa dunia nzima, huku nchi yake ikiwa haina fedha za kigeni za kutosha kuagiza mafuta na vipuri. Makubaliano ambayo Tanzania ilifikia na IMF mwaka huohuo hayakudumu. Mvutano kuhusu kushusha thamani ya shilingi uliendelea hadi alipoondoka Hazina mwaka 1983, na nchi haikufikia makubaliano mapya hadi mwaka 1986.

Jamal aliamini kwamba nchi maskini haziwezi kubebeshwa mzigo wote wa kurekebisha uchumi ilhali bei za mazao yao na bei za mafuta hupangwa na wengine. Alitetea hoja hiyo katika vikao vya kimataifa kwa lugha ya takwimu ambayo watu wa mabenki waliielewa. Wapinzani wake waliona kwamba kuchelewa kurekebisha thamani ya shilingi na bei ya mkulima kuliongeza maumivu. Ubishi huo haujaisha miongoni mwa wachumi.

Kwa anayetaka kazi ya fedha, kuna somo moja la kipindi hicho lisilo na ubishi. Mkopo wa dola hulipwa kwa dola. Mwaka 1979 dola moja ilikuwa takriban shilingi 8. Kufikia mwisho wa mwaka 1986 ilikuwa zaidi ya shilingi 50. Deni ambalo dola zake hazikuongezeka hata moja lilikuwa limekua zaidi ya mara sita kwa shilingi. Mradi unaokopa kwa fedha za kigeni unapaswa kuwa na uhakika wa kuuza nje, la sivyo hubeba hatari ambayo mwenye mradi haioni anapotia saini.

Baada ya Hazina Jamal aliiwakilisha Tanzania katika Umoja wa Mataifa mjini Geneva. Alifariki dunia Machi 1995 mjini Vancouver, Canada, akiwa na umri wa miaka 73. Miezi minane baadaye mtoto wa Masasi akaapishwa kuwa Rais, na mengi ambayo Jamal aliyasimamia yakaanza kugeuzwa.

Mtoto wa Lupaso na mabenki

Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso wilayani Masasi mwaka 1938, hakusoma biashara. Shahada yake ya Makerere, aliyoipata mwaka 1962, ilikuwa ya Kiingereza. Alifanya kazi ya uhariri wa magazeti na ya ubalozi kabla ya kuwa Rais mwaka 1995. Katika kipindi chake NBC iligawanywa mwaka 1997, na sehemu zake zikapata wanahisa wa nje: NBC mpya mwaka 2000 na NMB mwaka 2005. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza hisa Aprili 1998. Viwanda vya korosho vilivyosimama navyo viliuzwa au kukodishwa, na baadhi ya wanunuzi waliishia kuvitumia kama maghala.

Mtu anaweza kusema basi shahada haina maana, ikiwa msomi wa Kiingereza alisimamia uuzaji wa mabenki. Hesabu hiyo si sahihi. Rais huamua, lakini thamani ya benki inayouzwa hukokotolewa na watu waliosomea kazi hiyo, na wengi wa waliokaa upande wa wanunuzi walitoka nje. Nchi isiyo na wachambuzi wake hutegemea bei iliyokadiriwa na wengine.

Shahada ya kuchagua leo

Kijana wa Uwanda wa Makonde anayelenga kazi hii leo hahitaji kuvuka bahari kama Jamal. Shahada zinazofungua mlango ni zile zenye namba nyingi: biashara yenye mkazo wa fedha, uhasibu, uchumi, takwimu, hisabati na sayansi ya bima. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mzumbe, IFM na Chuo cha Uhasibu Arusha ni miongoni mwa vinavyofundisha fani hizo. Sheria nayo huingia, kwa kuwa kila hatifungani na kila uuzaji wa hisa ni mkataba.

Uchaguzi huanza mapema kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Mwanafunzi aliyeiacha hisabati kidato cha nne atakuta milango mingi ya shahada hizo imefungwa. Mchepuo wa EGM, wenye uchumi, jiografia na hisabati, au ECA, wenye uchumi, biashara na uhasibu, humweka mahali pazuri. Kabla ya kuomba, mzazi na mtoto wasome pamoja masharti ya kozi husika katika mwongozo wa udahili wa mwaka huo, na wajaze fomu za Bodi ya Mikopo kwa wakati.

Shahada peke yake haitoshi. Mwenye kutaka uhasibu atafanya mitihani ya NBAA. Mwenye kutaka kushauri wawekezaji katika hisa na hatifungani atahitaji leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyotokana na sheria ya mwaka 1994. Wanaolenga mbali zaidi hufanya mtihani wa kimataifa wa CFA wenye ngazi 3, ambao huchukua miaka na hugharimu fedha za kigeni. Familia iyaingize hayo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kuna shahada moja ambayo mara nyingi husahaulika, nayo ni uchumi wa kilimo na biashara ya kilimo, inayofundishwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Tangu Benki ya Maendeleo ya Kilimo ilipoanza mwaka 2015, na mabenki ya biashara kama CRDB na NMB yalipojiingiza zaidi katika kilimo, mchambuzi anayejua mkopo na anayejua zao ana nafasi ambayo wenzake wa mjini hawana. Mtoto aliyekulia Newala anajua ubwiriunga huonekana mwezi gani, salfa ikichelewa hutokea nini, kwa nini gunia moja huwa daraja la kwanza na lingine la pili, na mkulima hufanya nini mnada ukileta bei ndogo. Hayo ndiyo maswali yaliyokosekana mezani wakati viwanda 12 vilipokuwa vikipangwa.

Jamal alikuwa na shahada nzuri, uadilifu na uzoefu wa miaka mingi, na bado nchi aliyoitumikia ilijenga viwanda vya tani 100,000 kwa ajili ya mavuno yaliyokuwa yakianguka. Kijana wa Masasi atakayeketi siku moja katika ofisi ya benki kuchambua mkopo wa kiwanda cha kubangua korosho aende na kikokotoo chake. Kabla ya kutia saini, apige simu nyumbani aulize mikorosho imepaliliwa au la.